Naomba lile godoro

"Shangazi, naomba lile godoro."

Alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani, nywele bado fupi za kambini. Ametoka JKT wiki ile ile, jua limemkomaza uso. Godoro analolitaka ni la futi mbili na nusu kwa sita, inchi nne. Kitambaa chake kilikuwa na maua ya bluu ambayo sasa yamepauka, na kwenye kona moja kuna doa la chai. Limekaa juu ya kabati la chumba cha wageni tangu tuhamie nyumba hii, na mume wangu ameshaniambia mara kadhaa tuligawe.

Nikamwuliza analitaka la nini.

"La chuo."

Nikanyamaza. Jana yake tu, kwenye simu, nilikuwa nimemwambia kaka yangu kwamba huyu binti yake asiende Dodoma. Asome hapa hapa Morogoro, alale kwao.

Hesabu za kaka

Alikuwa amechaguliwa vyuo viwili. SUA, ambako kutoka Kihonda unapanda daladala hadi mjini na nyingine hadi getini, na UDOM, zaidi ya kilomita 250 kutoka nyumbani. Fani ni ile ile, sayansi na ualimu. Siku za kuthibitisha zilikuwa zinahesabika. Ile namba ya siri ya uthibitisho imeshaingia kwenye simu ya baba yake, na baba yake amekaa nayo.

Kaka yangu ni seremala, mtu wa maneno machache. Alinisomea hesabu kama anavyomsomea mteja bei ya kitanda: chumba, chakula, nauli za likizo, na mkopo ambao majina yake yalikuwa hayajatoka. Kisha akaongeza mambo mawili. La kwanza, kambi mtoto ameshaikaa. "Kama ni kujifunza kuishi na watu, JKT wamemfundisha." La pili alilisema kwa sauti ya chini. Amesikia habari za walimu wa vyuo wanaotaka mwili wa mtoto wa mtu ndipo wampe maksi. Nikamwambia sheria ya rushwa ya mwaka 2007 imeiweka rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Akanijibu kwamba sheria haitalala mlangoni kwa binti yake.

Sikuwa na la kumjibu. Mwaka wetu wa pili mwenzetu mmoja alifungasha vitu vyake katikati ya muhula kwa sababu hiyo hiyo, na hakurudi. Alikuwa na akili kuliko wengi wetu.

Na hela nazo nazijua. Tangu sheria ya mikopo ilipobadilishwa mwaka 2016, asilimia 15 ya mshahara wangu ilikwenda Bodi kila mwezi hadi deni likaisha. Nimesomesha wadogo zangu kwa kilichobaki. Kwa hiyo nikamwambia kaka, uko sahihi, asome nyumbani.

Sasa mtoto amesimama mlangoni.

"Baba amesema wewe ndiye uliyesema nisiende." Hakuwa na hasira. "Mbona wewe ulikaa chuo, shangazi?"

Nikamwambia enzi zetu mambo yalikuwa mengine. Halikuwa jibu, na alilijua. Akaniaga kwa adabu akaondoka bila godoro.

Uamuzi tuliufanya ndani ya siku nne. Swali lake limenikaa hadi leo, wiki ya saba.

Mzungu wa nne

Oktoba 2009, Dar es Salaam. Chuo sitakitaja. Mimi nilipata kitanda, mwenzangu mmoja hakupata, nikambeba. Aliyesoma miaka ile anajua kubebana ni nini. Chumba cha wanne kilikuwa na watu saba, na sisi wawili tulikuwa kwenye godoro hili hili, tukilala mzungu wa nne: miguu yake kwenye mto wangu, yangu kwenye wake.

Alitoka Pemba, upande wa Wete. Mimi mtoto wa Matombo, nimekulia kivulini mwa misheni, sikuwahi kulala chumba kimoja na mtu anayeamka alfajiri kuswali. Wiki ya kwanza niliamini ananiamsha makusudi, nikamnunia. Usiku wa saba jino lilinizuia usingizi, ndipo nikaona. Alikuwa anateleza ukutani ili asiniguse, anavuta mswala wake chini ya kitanda polepole, anatoka na ndala mkononi, miguu mitupu kwenye sakafu baridi, ili mimi nilale.

Siku sita nimemnunia mtu anayenifanyia hivyo.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja mwezi uliofuata. Novemba ile Rais Karume na mpinzani wake, Maalim Seif, walikutana Ikulu ya Zanzibar, na chuo kizima kikawa hakina mazungumzo mengine. Tulikuwa kwenye vimbweta, watu kama kumi, madesa ya kipindi cha mchana yamesahauliwa mezani. Nami nikatoa langu. Nilisema neno nililolisikia kwa wakubwa tangu utoto: kwamba Wapemba ni watu wa fujo, na yaliyowapata Januari 2001 waliyatafuta wenyewe.

Yeye alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Alifunga daftari lake. Hakusema kitu.

Usiku ule tulilala kama siku zote, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Ningekuwa nimepanga chumba mtaani ningerudi kwangu nikasahau. Angekuwa na chumba chake angefunga mlango, na yangekuwa yameishia hapo, mimi na neno langu, yeye na uchungu wake. Lakini godoro lilikuwa moja. Nilihisi miguu yake imekakamaa karibu na shavu langu, ameinyanyua kidogo, haigusi mto.

Usiku wa pili vile vile.

Usiku wa tatu, taa imezimwa, akaniuliza taratibu: "Waijua Shimoni?"

Nikasema siijui.

Akaniambia ni Kenya, ng'ambo ya bahari. Mwaka ule 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, watu wengi walivuka kwa vyombo vya uvuvi wakakimbilia huko. Baba yake alikuwa mmoja wao. Aliondoka usiku, na nguo alizovaa. Yeye alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi mama yake alimshika mkono wakashuka pwani kutazama kama kuna chombo kinachorudi, na wakikutana na mtu njiani mama anasema wanakwenda kuokota kuni. "Kuni pwani," akasema, na sauti ikamkatika kidogo. Halafu akasema: "Babaangu hakushika hata jiwe."

Sikumwomba radhi. Sikupata neno. Nilinyoosha mkono nikaushika mguu wake, ulikuwa wa baridi, na yeye akauacha.

Baada ya hapo hatukuwa marafiki wa kukubaliana. Tulibishana miaka mitatu. Muungano, mafuta na gesi, nani anambeba nani kati ya Bara na Visiwani, tulibishana hadi wenzetu chumbani wakatutupia mito. Rasimu ya Tume ya Warioba ilipotoka mwaka 2013 na pendekezo la serikali tatu, alinipigia tukabishana mpaka salio langu likaisha, naye akapiga tena kwa lake. Hajanishinda, nami sijamshinda. Lakini tangu usiku ule sijawahi kutamka neno juu ya kabila la mtu, dini yake au kisiwa chake bila kuuhisi kwanza ule mguu shavuni.

Meza ya nyanya

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshapata jibu la kumpa mtoto. Ila nina mdogo wangu.

Mdogo wangu aliishia kidato cha nne. Anauza nyanya na vitunguu soko la Mawenzi, na ni mwenyekiti wa kikoba cha wanawake thelathini. Mwaka juzi nilimkuta kwenye kikao kimechafuka. Mwanachama mmoja amesimama, anamtuhumu mweka hazina kwamba hela zimepungua. Mdogo wangu hakumtetea yeyote. Aliwaita wale watatu wenye funguo, kila mmoja akafungua kufuli yake, sanduku likawekwa katikati ya mkeka. Kisha akamwambia yule aliyetuhumu: "Hesabu wewe, mama, kwa sauti." Yule mama akahesabu. Zikatimia. Akabaki ameinama na noti mkononi, na mdogo wangu akamwuliza mbele ya wote, kwa upole kabisa, mtoto wake anaendeleaje hospitali.

Mimi nina shahada. Nisingeweza kufanya vile.

Na si hivyo tu. Chuo kiliwahi kunirudisha nyuma. Likizo ya mwaka wa kwanza kulikuwa na kikao cha ukoo juu ya shamba la babu. Kwetu Uluguruni ardhi inafuata upande wa mama, hivyo mama yangu ndiye aliyekuwa na la kusema. Alianza kueleza historia ya mipaka, mti kwa mti, nani alizikwa wapi. Nikamkatiza. "Mama, unachanganya mambo," nikasema, nikaanza kueleza sheria ya ardhi niliyokuwa nimeisoma muhula mmoja. Mama alijifunika kanga vizuri, akanyamaza. Mjomba akasema, "Mwacheni msomi aseme." Hakuna aliyecheka. Nimeomba msamaha kwa hilo mara nyingi na mama husema ameshasahau, lakini mti wa tatu hakunitajia tena, na sasa ameshazeeka, mipaka ile hakuna mwingine anayeijua.

Woga kwamba chuo humtenga msomi na watu wake, nchi hii inao tangu zamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kutumikia JKT kwa sehemu ya mshahara. Mwalimu Nyerere alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wao akawarudisha vijijini kwao, mamia. Azimio la Musoma la 1974 likakaza zaidi: kutoka kidato cha sita huendi chuo kikuu moja kwa moja, unakwenda JKT, unafanya kazi, na unaokaa nao kazini waseme kama unafaa. Wapo wanaolilaumu hadi leo kwamba lilichelewesha wataalamu, na huenda ni kweli. Mimi nikikumbuka kikao kile cha ukoo nalielewa. Mwalimu ndiye aliyemfananisha msomi na mtu aliyekabidhiwa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta kingine. Asiporudi ni msaliti. Mimi nilirudi, na nilichorudi nacho siku ile kilikuwa ni kumnyamazisha mama yangu.

Kama binadamu anakomaa kwenye meza ya nyanya, na anapotoka kwenye ukumbi wa mihadhara, basi kaka yangu alikuwa na haki. Nilipanda kitandani Ijumaa usiku nikiwa nimeamua hivyo.

Mtoto anayepakatwa

Jumamosi nilikuwa nimeahidi kumpelekea sabuni na daftari binti wa jirani yetu wa zamani. Anasoma chuo cha maendeleo ya wananchi. Aliacha shule kidato cha pili kwa ujauzito, kabla Serikali haijafungua mlango Novemba 2021 kwa waliojifungua kurudi darasani, na alipopata nafasi tena alikuwa mama wa mtoto anayetembea. Chuo kikampokea yeye na mwanawe.

Vyuo hivi nadhani tunavidharau. Vilianza mwaka 1975, Mwalimu akiwa ameona vyuo vya wananchi vya Sweden, na wazo lilikuwa mtu mzima atoke kijijini, akae bwenini na wenzake, ajifunze, arudi. Cheti hakikuwa shabaha. Nimepita mbele ya kibao cha chuo kile miaka mingi nikidhani ni mahali pa ushonaji tu.

Niliwakuta chini ya mwembe, wasichana saba au wanane, wanangoja chakula cha mchana. Wanabishana juu ya mahari. Mmoja anasema msichana mwenye mtoto apunguziwe mahari ili aolewe upesi, mtoto apate baba. Binti wa jirani yangu, ambaye namkumbuka akijificha nyuma ya mlango wageni wakija, amesimama wima anampinga. Anasema yeye si kitenge cha mtumba kishushwe bei kwa sababu kimevaliwa. Sauti imepanda, mkono unakata hewa. Na mkono wa pili umempakata mtoto. Nikadhani ni mwanawe, hadi mtoto alipolia na yule anayebishana naye akanyoosha mikono ampokee.

Alikuwa anambishia mwenzake huku amembebea mwanawe.

Nikakaa kwenye jiwe. Walinikaribisha ugali na dagaa, sikumbuki kama nilikula.

Kaka yangu alisema JKT imeshamfundisha kuishi na watu. Imemfundisha, naye amekuja mkakamavu. Ila kambini afande akisema, umesema ndiyo. Sokoni watu hubishana sana, lakini kuna hela katikati, na hela ikipatikana ubishi umekwisha. Nyumbani kila neno lina umri. Mdogo hamjibu mkubwa, binti hamjibu mjomba, na anayejibu anaitwa hana adabu. Hata bibi zetu waliomtoa mwali machoni pa watu ili akue walijua kwamba mtu anahitaji kutengwa kidogo na aliyekuwa jana. Lakini mwali aliambiwa. Hakuulizwa.

Ni wapi basi, katika maisha yetu, msichana wa miaka kumi na tisa anaweza kuambiwa na rika lake "hapana, umekosea", akajibu, akajibiwa tena, na jioni ikifika wakachangia sufuria moja? Bila kumpoteza mtu, na bila kuweza kumkimbia?

Kikoba cha mdogo wangu ni mahali hapo, sasa naona. Wanawake thelathini ambao hela zao ziko sanduku moja, hawawezi kuondoka hivi hivi. Yeye chuo chake kile. Alikijenga kwa miaka kumi na tano, kwa jasho, na hakuna aliyempa posho ya kujikimu wakati anakijenga. Sidhani kama chuo kinamzidi. Nadhani tulipaswa kumpa naye miaka mitatu ya kukaa chini ya mwembe, na hatukumpa kwa sababu nilikuwa mimi ndiye niliyefaulu.

Na sisemi kila aliyelala bwenini amepata haya. Wapo waliokaa miaka mitatu na watu wa kwao, kanisa lao au msikiti wao, kabila lao, wakatoka kama walivyoingia. Wapo pia wanaosoma wakitokea nyumbani wakakua vizuri. Ninachojua ni kwamba anayekimbilia daladala ya saa kumi na mbili huondoka pale ubishi unapoanza kunoga. Asaimenti ya kikundi ataituma kwa simu, digrii ataipata. Usiku wa tatu hataupata.

Karakana

Jumapili baada ya misa nilimfuata kaka. Alikuwa anapiga randa ubao wa mninga, siku ya mapumziko na bado anafanya kazi, ndivyo alivyo. Sikumletea hoja. Nilimsimulia Shimoni. Katika miaka yote hii sikuwahi kumsimulia mtu wa nyumbani, kwa sababu ningelazimika kueleza pia nilichosema pale vimbwetani, na neno lile nililisikia kwa baba yetu.

Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipofika kwenye kuni za pwani, randa ikasimama.

"Na huyo mwenzako yuko wapi sasa?"

"Anafundisha Chake Chake. Ndiye niliyekwenda kwenye harusi yake."

Akapuliza maranda juu ya ubao. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, mara mbili, kama anatafuta mahali palipobaki kukwaruza.

Nikamwambia woga wake juu ya walimu sina dawa nayo. Nimwambie nini? Tulichokubaliana ni hiki: mtoto akitupigia na kusema narudi, anarudi siku hiyo hiyo, na hakuna atakayemwuliza habari ya ada. Tutamwamini yeye kwanza, kisha tutajua la kufanya, TAKUKURU au popote. Yule mwenzetu wa mwaka wa pili hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Nasi tuliomzunguka tulimsaidia kufungasha tu.

Kaka akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu.

"Nisomee hiyo namba," akasema. "Miwani nimeiacha ndani."

Msamvu

Treni ya umeme ingemfikisha haraka, lakini kwa sababu ya godoro tukachagua basi. Tulilikunja, kaka akalifunga kwa kamba ya katani jinsi anavyofunga fanicha za wateja, mafundo manne, akakataa kusaidiwa na wapiga debe. Mtoto aliona doa la chai akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la mtu wa Pemba, nitamsimulia siku nyingine.

Jumapili iliyopita alinipigia. Anakaa chumba kimoja na wasichana watatu, mmoja wa Bukoba, mmoja wa Tandahimba, na wa tatu amekulia Kakonko. Na huyo wa Bukoba hawaongei tangu Alhamisi. Nikangoja aniambie kisa. Hakusema, nami sikumwuliza.

Nilimwuliza kama godoro linamtosha.

Akasema linamtosha, ila lina bonde katikati.